Salamu za Mzee Mayige

Kijiko kilikuwa kimekaa mbele ya uso wa Mzee Mayige kwa muda mrefu hata mkono wa Esteria ukaanza kuchoka. "Baba, hiki ni nini?" aliuliza tena, taratibu, bila kupandisha sauti. Simu yake ilikuwa juu ya meza, imeegemezwa kwenye chupa ya chai, inarekodi. Mzee alikitazama kijiko, naye alikijua. Hilo lilionekana wazi kwa namna macho yake yalivyokipokea na midomo ilivyojipanga kukiita. "Ki..." alisema. "Ka... ta... ile..." Mkono wa kushoto, uliobaki na nguvu, ulipanda ukachota kitu kisichokuwepo na kukipeleka mdomoni. Neno lenyewe lilikataa katakata kutoka.

Hicho ndicho Esteria alichokuwa akikitafuta wiki nzima. Hakukifurahia, Mungu anajua, maana hakuna mtoto anayefurahi kumwona baba yake akihangaika kutafuta jina la kijiko. Lakini chuo alichoomba nafasi kilitaka kuona, na sasa kingeona. Aliomba kimoyomoyo apewe utulivu kidogo tu, amwonyeshe kikombe, kisha ufunguo, basi. Geti la bati likapiga kelele.

"Mwadila, baba!" Alikuwa Bujiku akitoa salamu ya Kisukuma, jirani wa nyumba ya pili, mtu mzima mwenye tabia ya kuingia kwanza na kubisha hodi baadaye.

Uso wa Mzee Mayige ukakunjuka. Mgongo ukanyooka kitini, na sauti ikatoka kifuani, nzito na kamili, ile ile ya zamani. "Mwadila, mwadila. Mhola?" Mhola, akajibu Bujiku, ni salama. Wa nyumbani je? Wazima. Watoto? Wazima. Ng'ombe wanakula? Wanakula. Na mvua ya huko mlikolima? Ilikata mapema, baba, lakini pamba imepasuka vizuri. Aa, basi ni salama, tunashukuru. Hakuna neno lililokwama, hakuna lililotangulia mwenzake. Kila swali lilitoka kwa zamu yake, na kila jibu lilipokewa kwa mguno wake.

"Huyu mzee mzima kabisa," Bujiku alimwambia Esteria huku akivuta kigoda. "Mayu, mama yangu, unamsumbua bure na vijiko. Anasema kuliko mimi."

"Muulize kitu kingine, Mzee Bujiku. Muulize amekula nini."

"Baba, leo umekula nini?"

"Mhola," alijibu Mzee Mayige kwa upole. "Mhola duhu." Salama tu.

Bujiku akacheka na kupiga goti lake. "Umesikia? Amekula, hana neno." Esteria alinyoosha mkono akaizima simu. Jibu lililomjia halikuwa la kumpa mtu wa umri ule.

Mzee Mayige alikuwa mshenga. Huko Sapiwi alikozaliwa, na hata Lagangabilili na Mwamanyili, mtu aliyetaka kuozesha kijana wake bila ugomvi alimtafuta yeye kwanza. Alikuwa na neno la kupunguza idadi ya ng'ombe bila kumdharau binti, na neno la kuipandisha bila kumtisha kijana. Kisha kiharusi kikampiga, kikalegeza upande wake wa kulia, na katika kuondoka kikabeba maneno. Mguu ulirudi kidogo kidogo kwa mazoezi. Maneno hayakurudi, isipokuwa salamu.

Esteria alikuwa muuguzi, na alishasoma vya kutosha kujua sababu. Mambo ambayo mtu ameyasema tangu utotoni bila kuyafikiri, kama sala, nyimbo na kuhesabu, huweza kusalimika pale ambapo maneno ya kutunga yamezama. Kwa watu wengine yangekuwa matone mawili matatu yasiyomdanganya mtu. Lakini jamani, salamu ya Kisukuma haiishii kwenye hujambo na sijambo. Ni safari nzima, ina nyumba, ina watoto, ina mifugo na mvua, na mtu akishafika mwisho anaona amezungumza. Basi ndugu walikuja kutoka Sapiwi na kuku wao, wakasalimiwa sawasawa, wakaondoka wakitangaza kwamba Mayige amepona. Habari ikafika hadi kanisani, na Jumapili moja ikasomwa shukrani kwa ajili ya kupona kwake. Esteria aliketi kwenye benchi akiwa ameuma meno, na waumini waliokuwa karibu naye walimpa mkono wa pongezi.

Wao hawakuwepo siku ile mzee alipoanza kutokwa na jasho usoni. Kila aliyemuuliza hali alijibiwa mhola, na Mashimba, kaka yake Esteria, akaondoka akiwa ameridhika. Ni Esteria aliyeweka mkono tumboni mwa baba yake jioni aliporudi kazini, akakuta kibofu kimejaa na kukaza kama ngoma, mkojo umeziba. Mtu alikuwa anakaribia kufa huku akisema salama. Tangu siku hiyo neno hilo lilimchoma kila alipolisikia.

Ndipo alipoamua kuomba nafasi ya uzamili katika tiba ya usemi na lugha. Wodini kwake wagonjwa wa kiharusi walipata wa kuwanyoosha mikono na miguu, lakini kwa ulimi hakukuwa na mtu. Ndugu waliambiwa tu: zungumzeni naye, yatarudi. Esteria mwenyewe aliwahi kuwaambia watu hivyo, kabla hajarudi nyumbani kuyangoja ya kwake. Mwajiri alimruhusu kwenda masomoni mwaka huu, na ruhusa hiyo haikuwa ya kuhamishiwa mwaka mwingine. Asipopata nafasi sasa, ndiyo basi.

Alidhani kazi ngumu ingekuwa masomo. Kumbe kazi ilikuwa kueleweka anaomba nini. Daktari Selestini, mkuu wake wa idara, alimwita ofisini kwa furaha ili amwonyeshe barua ya kumpendekeza.

"Sista, hapa sijakuangusha. Nimesema wewe ni msemaji hodari. Nimetaja na ile harusi ya mhasibu uliyoiongoza, watu walivyocheka."

"Daktari, siyo usemi huo."

"Kwani kuna upi? Si umeniambia uzamili wa usemi?"

"Tiba ya usemi. Kwa watu waliopoteza maneno. Kama baba."

Daktari Selestini alivua miwani, akamtazama kwa huruma ya kweli. "Lakini baba yako si amepona? Nilimsalimia mimi mwenyewe."

Esteria alikaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa. Ilimfika shingoni, hasira isiyo na wa kumwangukia, maana wote waliomkera walikuwa watu wema. Alieleza tena tangu mwanzo. Barua ikaandikwa upya, na harusi ya mhasibu ikabaki ndani yake, imesogezwa tu chini kidogo.

Kuhusu video ya mgonjwa ambayo chuo kiliitaka, alijiona mjanja. Aliona heri auonyeshe ukweli wote: kwanza kilichobaki, halafu kilichopotea. Siku shangazi yake Shida alipokuja kumwona kaka yake, Esteria alirekodi salamu yao ya mwanzo hadi mwisho, kisha akaingiza kijiko, kikombe na ufunguo, na mzee akakwama kwenye vyote vitatu. Ilikuwa picha nzuri kuliko alivyotumaini. Mfumo wa maombi ukaikataa, faili kubwa mno. Akajaribu tena, mtandao ukakatika. Akajaribu tena, umeme ukakatika. Mwishowe akaiamuru simu iipunguze video ifikie kipimo, simu ikatii, mfumo ukapokea, naye akalala akiwa na amani kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Jumatano akiwa zamu, simu ikaita. "Dada Esteria? Naitwa Precious, napiga kutoka ofisi ya udahili." Sauti ilikuwa changa na yenye adabu. "Kamati imeipitia video yako. Imependa. Ila wanauliza tatizo la mzee liko wapi."

"Liko wapi vipi?"

"Wanamwona anazungumza vizuri, dada. Tena kuna mjumbe anakijua Kisukuma, amesema mzee ana ufasaha."

Esteria aliegemea ukuta wa korido. Alifungua video ile hapo hapo, jambo ambalo angelifanya mapema kama uchovu usingemzidi, na akaiona. Simu iliupata ufupi kwa kukata mkia. Salamu ilikuwepo yote, na shangazi Shida akicheka mwishoni, halafu giza. Kijiko hakikuwemo. Kamati nzima ya wasomi ilikuwa imeketi ikatazama, ikasema alichosema Bujiku juu ya kigoda. Alicheka, kicheko kibaya kilichomfanya mgonjwa mmoja ageuke kumtazama.

"Unaruhusiwa kutuma nyingine," Precious alisema haraka. "Mfumo unafungwa Ijumaa jioni. Nitakupa njia nyingine ya kuituma, hii inapokea hata kubwa. Ila wanaomba safari hii isikatwe popote. Wanataka kuona inavyoanza na inavyoisha."

Ijumaa Esteria aliomba ruhusa akawahi kutoka. Alifunga geti kwa kufuli, Bujiku asipate pa kupitia, akapanga mezani kijiko, kikombe, ufunguo na ndala moja, akaegemeza simu kwenye chupa ya chai na kuiwasha irekodi. Mzee Mayige alivitazama vitu hivyo vikipangwa, naye akajua kinachokuja. Alipoulizwa cha kwanza alifumba midomo. Alipoulizwa cha pili alikisukuma kikombe kwa mkono wa kushoto hadi kikaanguka. Cha tatu hakukitazama kabisa. Aligeuza uso ukutani kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake.

"Baba, nakuomba. Leo tu."

Geti likagongwa, na haikuwa rahisi kumwacha Mashimba nje. Aliingia na vumbi la barabara mabegani, akatazama meza, akatazama kikombe sakafuni, kisha baba yake aliyegeukia ukuta. Kwanza alimsalimia mzee. Alichuchumaa mbele yake, akaianza na kuimaliza yote bila haraka, na mzee akageuka polepole akamjibu. Baada ya hapo ndipo Mashimba alipomgeukia dada yake.

"Esta, unamfanya nini baba?"

"Naomba shule, kaka. Nimekueleza."

"Mgonjwa haulizwi uji. Wewe unamuuliza kijiko. Mtu aliyeozesha nusu ya wilaya hii unamshikia ndala usoni kama mtoto wa chekechea."

"Kwa sababu hawezi kuitaja! Hilo ndilo nataka mtu mmoja tu alione. Ninyi mnakuja, mnasalimiwa, mnaondoka. Alitaka kufa akisema mhola, na wewe ulikuwepo."

Neno hilo lilimwingia Mashimba, na Esteria aliona limemwingia. Alipojibu hakupandisha sauti tena. "Sawa. Mimi nilikuwepo, sikuona. Lakini mimi nikija hapa namsalimia. Wewe unakaa naye. Lini umemsalimia?"

"Kila siku..." alianza Esteria.

Hakumaliza. Kaka yake alitoka nje kwenda kuegesha pikipiki kivulini, akamwacha na sentensi yake. Esteria alijaribu kuikumbuka asubuhi ya leo. Baba, fungua mdomo. Baba, umekojoa? Baba, nionyeshe panapouma. Ya jana ilikuwa hivyo hivyo. Tangu siku ile ya jasho hakuwa amemsalimia, naye alijua kwa nini. Alilichukia neno lile lililomfanya mwongo mbele za watu. Na lilikuwepo jingine, ambalo hakuwahi kumwambia mtu: salamu ilipoanza ilimrudisha baba yake mzima mzima, sauti na mgongo na macho, na ilipokwisha alikuwa anampoteza upya. Kwa nini ajitakie hasara hiyo kila asubuhi? Afadhali kijiko. Kijiko hakikumpa kitu cha kumnyang'anya.

Alisogeza vile vitu pembeni. Hakukumbuka simu. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, karibu na kikombe kilichoanguka, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa na mama yake.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mwadila," akasema mzee. Alionekana kushtuka kidogo, au ni Esteria aliyedhani hivyo. "Mhola?"

"Mhola."

Wa nyumbani? Wazima, baba. Watoto? Wazima. Alijibu kuhusu ng'ombe ambao hakuwa nao na mvua ambayo hakuiangalia mwaka huu. Sauti ya baba yake ilikuwa juu ya kichwa chake, imemfunika, naye akaiacha imfunike. Salamu ilifika pale inapofikia kwa Bujiku na Mashimba, ikapapita. Huenda ni kwa jinsi alivyopiga magoti, kwa utaratibu wa binti aliyetumwa kutoka mbali. Kuna swali mzee humuuliza kijana mgeni aliyemwamkia kwa adabu, na Mzee Mayige alikuwa ameliuliza maelfu ya vijana.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Esteria aliinua uso. Baba yake alikuwa anamtazama kwa wema ule anaopewa mgeni. Alitafuta machoni mwake kama ni salamu tu inayojiendea, au kama kweli hakumjua, na hakupata jibu.

"Wa Mayige," alisema.

"Ooh. Mayige." Mzee alitikisa kichwa, ameridhika; jina lilikuwa la mtu anayemfahamu. Kisha akauliza kinachofuata, kile kinachofuata siku zote mgeni akishamtaja baba yake. "Mayige hajambo?"

"Hajambo," ulimi wa Esteria ukajibu. "Ni mzima, baba. Mhola duhu."

Ulimi ulikuwa umeshatamka kabla yeye hajauzuia. Neno lile lile, kwa sauti ile ile ya Bujiku na shangazi Shida na waumini wa Jumapili. Alitamani alirudishe. Hapo salamu ilipaswa kuendelea mbele, mzee ashukuru, aulize habari za njiani. Hakuendelea. Alibaki anamtazama, midomo imefunguka kidogo, na wema wa mgeni ukiwa umemtoka usoni.

"Mayige?" aliuliza tena.

Katika salamu hakuna mahali ambapo jambo huulizwa mara mbili. Esteria alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Aliushika mkono wa baba yake wa kulia, ule uliolegea.

"Hapana, baba. Mayige si mzima. Anaumwa. Maneno yamempotea, na watu hawamwamini."

Mzee alisikiliza. Hakuna atakayeweza kusema alichosikia. Alitikisa kichwa mara kadhaa, polepole, kama mtu aliyeletewa habari mbaya za rafiki wa siku nyingi, na mkono wake wa kushoto ukaja ukaufunika wa binti yake.

"Pole," alisema. Kisha: "Umsalimie."

"Zitafika, baba," Esteria akasema, na machozi yakamtoka bila kelele.

Mashimba alikuwa mlangoni, haikujulikana tangu lini. Aliingia akiwa amevua kofia, akapita nyuma yao, akainamia ile simu mezani kwenye chupa ya chai. Ilikuwa bado inarekodi. Alisimama nayo mkononi kwa muda, bila kujua pa kubonyeza.

"Esta," alisema kwa sauti ya chini. "Ni hii. Hii itume."

Esteria aliitikia kwa kichwa, lakini hakuinuka. Mgeni akishapewa salamu huaga, akaenda kuzifikisha. Mzee Mayige alikuwa bado anamtazama, mkono juu ya mkono, anamngoja aende.